Msaada: jina "Ivanova" la Kibulgaria maana yake nini? Ndugu wanasema mtoto si wetu

BintiMkonge
Jumapili, saa 3:40 usiku

Hamjambo wanajukwaa. Wakubwa waliomo humu, shikamooni. Natafuta mtu anayeyajua majina ya Wabulgaria. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana Jumamosi ijayo tuna kikao cha ukoo Muheza na mimi sitaki kwenda mikono mitupu.

Kaka yangu Yohana alikwenda Bulgaria kusoma mwaka 1977. Sisi ni Wabondei, baba yetu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na Yohana ndiye wa kwanza katika mji wetu kupanda ndege. Alirudi 1983, akafanya kazi ya kilimo, akaoa, akapata watoto watatu, akafariki 1996. Hakuwahi kutamka kwamba kuna mtoto aliyemwacha huko. Mama yetu tu ndiye alikuwa akisema, "Huyu Yohana ana jambo limemkaa kooni." Tulidhani ni maneno ya mama.

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu wa Muheza, mtoto wa pili wa marehemu, alipokea ujumbe kwenye simu. Ni mwanamke wa miaka 42, yuko Bulgaria. Ameandika kwa Kiingereza kwamba baba yake alikuwa Mtanzania anaitwa Yohana, wa Muheza, na ametuma picha. Kijana kavaa koti refu, kasimama kwenye ngazi, theluji imejaa pembeni, mkono mmoja mfukoni. Ule mkono mfukoni naujua. Alisimama hivyo hivyo kwenye picha ya harusi yangu.

Sasa shida. Huyo mwanamke (jina la kwanza nimelibadilisha kwa heshima yake) anaitwa Elena Ivanova Stoyanova. Baba mdogo alipoliona hilo jina akasema, "Jina la baba si hili hapa? Ivanov. Mtoto ana baba yake Mzungu. Yohana anatajwa kwa sababu kuna shamba la michungwa." Wengine wakaitikia. Mjane wa kaka hajasema neno, anasikiliza tu na kusuka ukili.

Mimi ni shangazi. Kwetu shangazi hakai kimya mtoto wa kaka yake akizuiliwa mlangoni. Lakini siwezi kubishana na wazee kwa machozi, nataka nijue. Ivanova ni ukoo au ni jina la mtu? Stoyanova je? Na hiyo "ova" inafanya kazi gani?

---

MgosiCoastal
Jumapili, saa 4:05 usiku

Mama shikamoo. Mambo ya ukoo nawaachia wakubwa, ila mpira naujua. Berbatov wa Manchester United, yule aliyewafunga Blackburn mabao matano peke yake Novemba 2010, jina lake kamili ni Dimitar Ivanov Berbatov. Na baba yake, ambaye naye alikuwa mchezaji, ni Ivan Berbatov. Hapo ona mwenyewe: la katikati limetoka kwa jina la baba, la mwisho ndilo ukoo.

Na Hristo Stoichkov, yule aliyeifikisha Bulgaria nusu fainali Kombe la Dunia 1994, yeye kwenye karatasi ni Hristo Stoichkov Stoichkov. Nilikuwa nafikiri wamekosea kuchapa. Kumbe la katikati na la mwisho yamegongana tu.

Kwa hiyo huyo dada, Ivanova ya katikati ni "baba yangu ni Ivan". Sasa hapo sijui kama nimekusaidia au nimempa nguvu baba yako mdogo. Nisamehe.

---

MpwaWaMkuzi
Jumapili, saa 4:31 usiku

Bi mkubwa, pole. Neno moja tu: msitume pesa, msitume nakala za kitambulisho wala hati ya shamba. Picha inaweza kuchukuliwa popote. Muulizeni kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Sisemi ni tapeli, nasema familia ijilinde.

---

PongweMpakaPlovdiv
Jumatatu, saa 5:20 asubuhi

Dada yangu BintiMkonge, mada yako nimeiona nikiwa kituoni nasubiri daladala. Nimeghairi safari nikarudi nyumbani, maana mambo haya hayaandikwi kwa kusimama.

Nilisoma kilimo Plovdiv, 1978 hadi 1984. Kaka yako sikumjua, miji yetu ilikuwa tofauti. Lakini lugha yao niliishi nayo miaka sita na bado naiota.

Nianze na lililo kubwa. Ivan ndiye Yohana. Ni jina moja. Limetoka kwa Waebrania, Yohanan, maana yake Mungu ametenda neema. Wagiriki wakasema Ioannes. Wabulgaria walipobatizwa karne ya 9 wakati wa mtawala wao Boris, jina likaingia na vitabu vya kanisa, wakaandika Ioan, na midomo ya watu ikaligeuza taratibu likawa Ivan. Waingereza walilifanya John, Wahispania Juan, Wajerumani Johann, na ndugu zetu Waislamu wanaye Yahya. Wabulgaria wenyewe wamebaki nayo mawili: kanisani Injili ni "ya Yoan", lakini mtaani ni Ivan. Mtakatifu wanayemheshimu kuliko wote, mlinzi wa nchi yao, ni Ivan wa Rila. Mfalme wao mkubwa wa karne ya 13 ni Ivan Asen wa Pili. Ukiingia bweni la chuo ukaita "Ivan!" watageuka watu watano.

Kwa hiyo baba mdogo wako akisema "Baba yake ni Ivan, si Yohana", ni sawa na mtu aseme, "Baba yake ni Yahya, si Yohana."

Sasa "ov". Hiyo ni ile "wa" yetu, wao wanaifunga mkiani. Kwetu unasema mtoto wa Yohana, nyumba ya Yohana, kiti cha Yohana. Kile kineno kinabadilika kufuata kinachomilikiwa. Kwao vivyo hivyo. Mwana wa kiume: Ivanov. Binti: Ivanova. Nyumba kwao iko upande wa kike, basi nyumba ya Ivan ni "Ivanova kashta". Kijiji kiko upande usio wa kiume wala wa kike, kitakuwa Ivanovo. Familia nzima mnaitwa Ivanovi. Jina likiishia na sauti laini, "ov" inageuka "ev": Georgi anazaa Georgiev, Iliya anazaa Iliev. Ukisikia Mbulgaria anajitaja, kwa mwanamume utasikia kama "Ivanof", ile v ya mwisho inakufa mdomoni. Kwa mwanamke inafufuka, Ivanova.

Kwa hiyo Ivanova, ukilitafsiri neno kwa neno, ni "wa Ivan, wa kike". Binti Yohana. Hakuna kingine ndani yake.

Majina matatu. Hapa ndipo ndugu zako wamejikwaa, na siwalaumu. La kwanza ni lake. La kati ni la baba yake mzazi, jina lake la kuitwa, likavikwa ov au ova. La mwisho ni la ukoo. Vasil Levski, shujaa wao wanayemlilia mpaka leo, aliyenyongwa Sofia mwaka 1873, alizaliwa Karlovo 1837 kwa jina la Vasil Ivanov Kunchev, kwa sababu baba yake alikuwa Ivan Kunchev. Levski alipewa na wenzake vitani, ni "wa simba". Kwenye mpangilio wa majina matatu, binti akiolewa akifuata jina la mume, ni la mwisho linalobadilika. La kati haliguswi. Atazikwa nalo.

Mtauliza, mbona basi Ivanov limejaa pia kama jina la ukoo, tena ndilo linaloongoza Bulgaria yote? Kwa sababu zamani ukoo wao ulikuwa kama wetu wa Pwani: jina lako, la baba, la babu, basi. Kizazi kikisogea, la babu linadondoka, la baba linakuwa la babu. Baadaye serikali ikataka watu wasimame na jina moja la kudumu, kila nyumba ikabaki na babu aliyekuwepo zamu hiyo. Na mababu walioitwa Ivan walikuwa wengi mno. Ndiyo maana Ivanov wawili wakikutana hawaulizani udugu.

Stoyanova ndiyo nzuri zaidi, na nadhani ni ya upande wa mama yake. Stoyan linatoka kwenye kitenzi chao cha kusimama, kukaa. Nyumba iliyokuwa inazika watoto ilimwita anayefuata Stoyan, ili akae, asiondoke. Wana na Zhivko, aliye hai, na Zdravko, mwenye afya. Bibi mwenye nyumba niliyopanga mwaka wa tatu aliniambia babu yake aliitwa Stoyan baada ya watoto wanne kufa. Nikamwambia kwetu tungemwita Mashaka. Akataka nimfundishe kulitamka.

Lakini dada, nisikudanganye. Ivan kwao ni kama Juma pale Ngamiani, Tanga mjini. Jina hilo linaondoa kizuizi cha baba yako mdogo, halithibitishi kwamba huyo Ivan ni kaka yako. Mwombe cheti cha kuzaliwa. Kina mstari wa mama na mstari wa baba, majina kamili.

Na swali ambalo hata mimi najiuliza: kwa nini wasiandike Yohanova? Kanuni yao ingeruhusu, jina likiishia na a wanaiondoa: Nikola, Nikolov, Toma, Tomov. Nachojua ni kwamba Waafrika tulipewa majina ya pale pale. Mimi Ramadhani niliitwa Radko na mama wa jikoni kuanzia siku ya pili mpaka siku niliyopanda treni kuondoka. Kaka yako akiitwa Yohana, watu wa kule hawakuwa na haja ya kufikiri. Ni Ivan.

Hata siku ya jina walikuwa wananipangia, ingawa mimi Mwislamu. Maana kule siku ya jina ni kubwa kushinda ya kuzaliwa. Kina Georgi ni tarehe 6 Mei. Kina Dimitar ni 26 Oktoba. Kina Ivan ni tarehe 7 Januari, siku ya Yohana Mbatizaji, siku moja baada ya wanaume kurukia mto wenye barafu kuufuata msalaba wa padri. Na siku ya jina hakuna kualikwa. Mwenye jina anapika, anaacha mlango wazi, anayekuja anakuja.

---

BintiMkonge
Jumatatu, saa 8:02 mchana

Kaka wa Pongwe, nimesoma mstari wako wa mwisho nikaweka simu chini.

Kila tarehe 7 Januari Yohana alikuwa anachinja kuku wawili. Mlango wa mbele anaufungua, anauwekea tofali usijifunge. Akiulizwa anasema, "Leo ni siku yangu, aje anayekuja." Majirani walikuja, watoto wa shule walikuja, siku moja alikuja hata mwenda wazimu wa sokoni akakaa mezani kama watu wote. Na kaka yangu alizaliwa Agosti! Sisi tulisema ni mwaka mpya anauchelewesha. Miaka kumi na mbili alifanya hivyo, mpaka mwaka aliofariki, na hakuna mmoja wetu aliyemuuliza mara ya pili.

Kumbe alikuwa Ivan. Alikuwa Ivan ndani ya nyumba yake Muheza na sisi tunakula kuku tu.

Nimempigia baba mdogo. Nimemsomea maelezo yako yote, la Yohanan, la Ioannes, la Yahya. Nikamwambia na la tarehe 7, naye kuku hao amewala. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Sawa. Kama Ivan ni Yohana, basi aandike Yohana. Abadilishe jina kwanza, ndipo aje kukaa na watoto wa Yohana." Na wengine wameliona hilo ni la busara. Mimi moyo umekataa, ila sijapata maneno.

MpwaWaMkuzi, nimekusikia, hatujatuma kitu. Hajaomba kitu pia. Alichouliza ni kaburi liko wapi.

---

Barabara12
Jumatatu, saa 1:15 usiku

Bi BintiMkonge, habari za jioni. Mimi ni mtu wa Ngamiani, nafundisha watoto madrasa jioni, na hili la majina linanigusa.

Kwanza nimshukuru mzee wa Pongwe, ila mbona kasahau bin na binti? Cheti changu mimi kimeandikwa Hamisi bin Bakari, cha dada yangu ni binti Bakari. Baadaye fomu za serikali zikaziondoa hizo bin, tukabaki na majina matatu yamepangwa kama matofali, mtu hajui tena lipi ni la nani. Wabulgaria bin yao wameishona ndani ya jina, haiwezi kudondoka. Ivanov, bin Yohana. Ivanova, binti Yohana. Kwa hiyo huyo mtoto wenu miaka 42 anatembea na neno "binti Yohana" katikati ya jina lake, analiandika benki, analiandika hospitali. Wajukuu wangapi wa Tanga hii wanafanya hivyo?

Watu wale hawako mbali na sisi. Waturuki waliwatawala karibu karne tano, mpaka 1878, na baadhi ya maneno yalibaki. Mkristo wa Kibulgaria aliyekwenda kuzuru Yerusalemu alirudi anaitwa Hadzhi, ni Haji huyo huyo. Wana shujaa Hadzhi Dimitar, alikufa vitani 1868. Wana ukoo wa Hadzhiev, yaani wa Haji. Niliposoma hilo nilimwonyesha jirani yangu Haji, akafurahi siku nzima.

Sasa la baba yako mdogo, la "abadilishe jina kwanza". Naomba kwenye kikao muwasimulie habari ya Naim, mbeba vyuma.

Alizaliwa 1967 Bulgaria, kwenye kijiji cha Ptichar, Mwislamu mwenye asili ya Kituruki. Jina lake Naim Suleymanov. Angalia: Suleyman wetu, na ile ov yao. Alikuwa mfupi, sentimita 147, na akiwa bado kijana mdogo alikuwa anavunja rekodi za dunia. Kuanzia mwisho wa 1984 serikali ya wakati huo ikaamua Waturuki wote wa nchi ile wachukue majina ya Kibulgaria. Askari waliingia vijijini na karatasi. Watu wakabadilishiwa majina wao na mpaka wazazi wao waliokwisha kufa. Naim akaambiwa sasa wewe ni Naum Shalamanov. Mwaka 1986 alikwenda mashindanoni Melbourne, akatoroka, akaenda Uturuki, akaandikwa Süleymanoğlu. Hiyo "oğlu" kwa Kituruki ni mwana wa. Mnaona? Suleymanov, Shalamanov, Süleymanoğlu. La kwanza na la tatu yana maana ile ile, mwana wa Suleyman. La kati ndilo lililomtoa kwao. Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, akiwa kwenye uzito wa kilo 60, aliinua kilo 190 juu ya kichwa. Zaidi ya mara tatu ya mwili wake. Mwaka uliofuata, 1989, Waturuki zaidi ya laki tatu walivuka mpaka wakaiacha Bulgaria, na serikali ile ikaanguka mwaka huo huo.

Mtu haambiwi aache jina ndipo apokewe. Huyo binti jina la baba yake analo tayari, amelibeba kwa lugha ya mama yake, na hiyo ndiyo lugha aliyokuwa nayo. Mkimwambia alifute ili ampate baba, mnamfutia alama pekee aliyoachiwa na baba.

Niwie radhi kama nimeingilia ya nyumbani kwenu.

---

MgosiCoastal
Jumatatu, saa 1:40 usiku

Mwalimu, hii ya Naim naichukua niende nayo uwanjani Mkwakwani.

---

BintiMkonge
Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Mwalimu, hujaingilia, umenisaidia. Maneno yako nimeyanakili kwenye daftari kwa mkono, nitayasoma kikaoni kama yalivyo.

Usiku nimemwandikia Elena mimi mwenyewe, mjukuu akanisaidia Kiingereza. Nimemwomba cheti. Nikataka kumalizia kwa kujitambulisha nikashindwa, maana kwa Kiingereza "aunt" ni kila mtu. Nataka ajue mimi ni shangazi, dada wa baba. Kaka wa Pongwe, wao wanasemaje? Na unifundishe herufi zao kidogo, cheti kikija nisihitaji mtu wa kunisomea jina la kaka yangu.

---

PongweMpakaPlovdiv
Jumanne, saa 3:30 asubuhi

Andika *lelya*. Dada wa baba na dada wa mama wote ni lelya kwao, hapo wamefanana na Waingereza. Lakini kwa wanaume wanatenganisha kama sisi: kaka wa baba ni *chicho*, kaka wa mama ni *vuycho*, na hawachanganyi hata kidogo. Kwa hiyo baba mdogo wako kwake ni chicho wa baba yake. Ukitaka aelewe vizuri ongeza "dada wa baba yako", *sestrata na bashta ti*. Atalisoma mara mbili.

Herufi. Nyingi zitakudanganya kwa sababu zinafanana na zetu na si zetu. Shika hizi tu:

В usiisome b, ni v.
Н usiisome h, ni n.
Х usiisome eks, ni h.
Р ni r. С ni s.
И ni i. Ukiiona na kikofia juu, Й, ni y.
А, О, Е, К, М, Т ni kama zetu.

Ukiona Иванова umeshalisoma mwenyewe.

Na sh yao na ch yao wakiandika kwa herufi zetu ni sh na ch hizi hizi. Ulimi wa Mswahili haupati tabu Bulgaria, isipokuwa kwenye ile sauti ya katikati ya "Bulgaria" yenyewe, ambayo mimi nilifaulu mwaka wa pili.

---

BintiMkonge
Alhamisi, saa 2:55 usiku

Cheti kimekuja leo mchana. Nilikuwa Makorora sokoni, nikaingia stationari wakanitolea kwenye karatasi kubwa, nikakaa kwenye benchi la nje na daftari langu la herufi.

Mstari wa mtoto nilisoma Иванова haraka, nimeshalizoea. Mstari wa mama upo, Stoyanova imetoka huko kama ulivyosema. Halafu mstari wa baba. Herufi sita. Ya kwanza ina kikofia. ЙОХАНА. Y, o, ile eks ambayo ni h, a, ile h ambayo ni n, a. Nilikwenda na kidole. Na mbele yake limefuata jina la baba yetu, karani wa mkonge, ambalo sitaliweka hapa. Limeandikwa kwa herufi za Wabulgaria mwaka 1982, wakati yeye mwenyewe yuko Muheza anapima mkonge na hajui kama ana mjukuu.

Elena ameeleza. Baba yake alikwenda mwenyewe kwa msajili na pasipoti yake, ndiyo maana kwenye mstari wa baba limeandikwa kama lilivyo. Lakini kijijini kwa mama yake kila mtu alimwita Ivan, na bibi yake aliomba jina la kati la mtoto liwe Ivanova ili asichekwe shuleni. Yohana alikubali. Alimwambia mama yake Elena kwamba ni jina lile lile.

Neno la lelya amelijibu kwa picha. Ni meza, ina mkate na mshumaa, na kwa nyuma mlango uko wazi na nje kuna theluji. Ni ya tarehe 7 Januari mwaka huu. Amesema mama yake alifanya hivyo kila mwaka mpaka alipofariki, sasa anafanya yeye.

Jioni nikampigia mjane wa kaka nikamsomea yote. Alinisikiliza kama kawaida yake. Halafu akaniuliza, "Hao kuku alikuwa anawala na nini huko?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mimi nilikuwa nampikia na bada, ugali wetu wa muhogo, na mchicha wa nazi. Mwulize kama atakula bada."

Nimeshamwuliza. Basi la Muheza naondoka nalo Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, cheti nimekitoa nakala nne.